Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa BMU ya diko letu: uchaguzi ni lini?

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya BMU ya diko letu,
Tanga.

YAH: KUPITILIZA MUDA WA UONGOZI NA KUTOITISHA UCHAGUZI

Assalaam aleykum.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanachama wa BMU yetu, kikundi cha kusimamia uvuvi wa diko hili, yaani hapa boti zinaposhusha samaki; niko upande wa wachemshaji dagaa. Jina la diko silitaji; wanaohusika wanajijua. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu huko ndani nimegonga mwamba. Barua niliyoileta ofisini ilipokelewa, ikapigwa muhuri, ikaishia hapo. Nilipokufuata nyumbani ulinikaribisha vizuri, chai ikaja na vitumbua, ukaniambia, "Mama, hayo tutayazungumza." Hatukuyazungumza. Jibu lilinifikia kupitia kwa shemeji yangu: mwambie mama apunguze siasa, diko ni pa kutafutia riziki.

Sasa kwa kuwa siasa umeitaja wewe, tuizungumze. Usiku wa giza, boti zikiwa nje na sisi tumekaa kwenye chanja tukizingoja, redio haizimwi. Tunasikia ya Bamako, ya Dakar, ya Seoul. Na visingizio vya marais wanaong'ang'ania ni vilevile ninavyovisikia ofisini kwako, hata mpangilio wake haubadiliki: kwanza hali hairuhusu, kisha fedha hazipo, mwisho anayeuliza ametumwa.

Mapinduzi ya bunduki bado yapo. Mali 2020 na tena 2021, Guinea 2021, Burkina Faso mara mbili ndani ya 2022, Niger na Gabon 2023. Lakini kwingine kwingi siku hizi demokrasia inamalizwa na mtu aliyechaguliwa kihalali, mchana kweupe, kwa vikao na mihuri. Huyo ndiye anayenihusu mimi, maana wewe tulikuchagua vizuri na kura yangu ulipata. Malalamiko yangu ni haya.

1. Muda wenu umekwisha.

Katiba ya BMU yetu inasema kamati inakaa miaka mitatu. Ilipotimia mlisema kusi limechacha na watu wako dago, kwenye kambi za uvuvi za Kilwa na Mafia, tungoje kaskazi. Kaskazi ikaingia, ikawa fedha za kuendeshea uchaguzi hazipo. Halafu tukaambiwa tungoje uchaguzi mkuu wa nchi upite. Umepita. Sasa hakuna hata sababu inayotolewa, kwa kuwa watu wamechoka kuuliza.

Kuahirisha kunazoeleka haraka sana. Sudan Kusini ilipata uhuru 2011 na uchaguzi wake umekuwa wa kusogezwa tu. Ule uliopangwa Desemba 2024 ukapelekwa Desemba 2026. Mali wanajeshi waliahidi uchaguzi wa rais Februari 2024. Februari ikapita kimya, Mei 2025 vyama vya siasa vikavunjwa, na Julai mwaka huohuo kiongozi wao Assimi Goïta akapewa miaka mitano isiyohitaji kura ya mtu yeyote, tena inayoweza kuongezwa. Wala tusiwacheke wenzetu. Kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa hapa kwetu ilikuwa ifanyike Aprili 30, 2015. Iliahirishwa, na vijana wetu wengi wanaopanda boti leo hawajui kama iliwahi kupangwa.

Senegal ndiyo ninayotaka uisikilize vizuri. Uchaguzi wa rais ulikuwa Februari 25, 2024. Februari 3, kampeni zikiwa zinakaribia kuanza, Rais Macky Sall akatangaza kuuahirisha. Siku mbili baadaye askari wakawatoa ukumbini wabunge wa upinzani, waliobaki wakapitisha kwamba uchaguzi uwe Desemba 15. Kwa macho ya kawaida mchezo ulikuwa umekwisha: rais ametaka, bunge limepitisha, askari wako mlangoni. Watu waliandamana na wengine wakapoteza maisha. Kisha Februari 15 Baraza la Katiba, watu wachache tu wenye majoho, likasema kuahirisha huko ni batili. Kura ikapigwa Machi 24. Aliyeshinda, Bassirou Diomaye Faye, alikuwa ametoka gerezani siku kumi tu kabla, na alipata zaidi ya nusu ya kura duru ya kwanza. Aprili 2 akaapishwa, Sall akaondoka zake.

Kilichoniingia mimi ni hicho: Sall naye aliutii uamuzi wa Baraza. Wewe hujaambiwa lolote na mahakama, umeulizwa tarehe tu na wanachama wako.

2. Kanuni zilibadilishwa wenye kanuni wakiwa wamelala.

Mkutano ule wa kubadilisha kanuni uliitishwa saa nne asubuhi, katikati ya giza, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi dagaa wanapovuliwa usiku. Kila mtu wa dagaa anajua saa nne asubuhi ya giza mabaharia wako wapi: wamelala, wametoka baharini alfajiri. Na sisi akina mama tuko juu ya masufuria, maji ya chumvi yanachemka, dagaa wa usiku hawangoji. Walioweza kuja ni matajiri wenye vyombo na watu wao. Hapo ndipo ikapitishwa kwamba mpiga kura ni mwenye chombo kilichosajiliwa, na baharia, mchuuzi na mchemshaji "atashirikishwa". Nilipokwenda kuangalia daftari la wanachama nikakuta majina yetu yamepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, mstari mmoja mrefu kutoka juu hadi chini ya ukurasa, kama mwalimu aliyechoka kusahihisha.

Hungaria walifanya hivi kwa ustadi zaidi. Chama cha Viktor Orbán kilishinda kihalali 2010 kikapata theluthi mbili ya viti. Mwaka uliofuata kikaandika katiba mpya kwa kura za wabunge wake chenyewe, kikapunguza viti vya bunge na kuchora upya mipaka ya majimbo. Uchaguzi wa 2014 kikapata kama asilimia 45 tu ya kura, lakini theluthi mbili ya viti ikabaki palepale. Hakuna sanduku lililoibwa. Benin nako, nchi iliyokuwa ikisifiwa Afrika Magharibi yote, masharti mapya ya uchaguzi yaliwekwa magumu kiasi kwamba uchaguzi wa wabunge wa Aprili 2019 uliingiwa na vyama viwili tu, vyote vya upande wa Rais Talon. Uganda waliondoa ukomo wa mihula 2005, na 2017 wakaondoa ukomo wa umri, na kila mara ilikuwa kwa mujibu wa sheria.

Kwa hiyo usinijibu kwamba mlifuata utaratibu. Utaratibu mmeutunga wenyewe, sisi tukiwa kwenye masufuria.

3. Anayetaka kugombea anatafutiwa kosa.

Kijana mmoja alitamka hadharani kwamba atagombea uenyekiti. Haikupita muda akakamatwa na doria yenu kwa kosa la macho ya nyavu kuwa madogo, nyavu ileile aliyokuwa akiivulia misimu yote bila neno, na ileile wanayovulia jamaa zako. Sisemi sheria ya nyavu isifuatwe, hasha. Nasema imemkumbuka yeye peke yake.

Na mbinu hii haimalizi mtu kila mara. Zambia, kiongozi wa upinzani Hakainde Hichilema alishitakiwa kwa uhaini 2017 kwa sababu msafara wake haukuupisha wa rais, akakaa ndani miezi minne. Mwaka 2021 alimshinda rais yuleyule kwa karibu kura milioni moja. Hapa kwetu Tundu Lissu alikamatwa Aprili 2025 akashitakiwa kwa uhaini, chama chake kikazuiwa kushiriki, na Oktoba 29, siku ya uchaguzi mkuu, ikapita yeye akiwa rumande. Mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Watu walikufa siku zile, na waangalizi wa SADC wenyewe, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambao kwa kawaida huwa na maneno laini, walisema uchaguzi haukufikia viwango vyao. Sitalirefusha hilo hapa. Nakukumbusha tu kwamba wewe na mimi tulikaa pamoja pale gengeni, tukalisikitikia, na ulisema maneno mazito kuliko yangu.

4. Kundi la WhatsApp limefungwa midomo.

Siku hizi kundi la diko ni ninyi watatu tu mnaoandika, sisi tunasoma. Zamani palikuwa na bei ya ndoo, nani kaingia na samaki gani, taarifa ya upepo, msiba, hata matusi kidogo. Sasa ni matangazo ya kamati na picha za maua ya Ijumaa. Mlisema mmelifunga kwa ajili ya amani. Intaneti nchini nayo ilizimwa Oktoba 29 kwa siku kadhaa, na Uganda Januari 2021 vilevile. Nepal walifungia mitandao 26 mwanzoni mwa Septemba 2025. Vijana wakajaa barabarani, zaidi ya watu 70 wakafa, waziri mkuu akajiuzulu, yote ndani ya wiki moja. Fungua kundi, Mwenyekiti.

5. Daftari la mapato halijasomwa.

Kila ndoo inalipiwa. Faini za kokoro, wavu wa kukokota, zinatozwa. Risiti nyingine tunapewa, nyingine tunaambiwa kitabu kimekwisha. Taarifa ya mapato na matumizi haijasomwa mbele ya wanachama tangu muda wenu uishe. Sijasema mmeiba. Daftari likisomwa kila mtu atajua mwenyewe.

Sasa najua utakayosema, kwa sababu mengine umeshayasema.

Utasema wewe ndiye uliyepambana na baruti. Ni kweli, na wa kulikana hilo simjui. Wanaokumbuka pwani hii ya Tanga ilivyokuwa ikilipuliwa asubuhi na jioni, matumbawe yakigeuka kifusi na samaki wakielea matumbo juu, wanajua kazi uliyoifanya ukiwa na boti mbovu na vijana wasiolipwa. Kwa hiyo hoja yako hii naipa uzito wake. El Salvador wana rais wa namna hiyo. Nayib Bukele aliyakamata magenge yaliyokuwa yakiua watu kila siku, mauaji yakapungua kweli, na watu wanampenda kweli. Lakini tazama na upande wa pili. Mei 2021 bunge lake liliwaondoa majaji wa mahakama ya katiba na kuweka wengine. Hao wapya wakasema anaweza kugombea tena mfululizo, jambo lililokuwa limekatazwa. Akagombea Februari 2024, akashinda. Julai 2025 bunge likaondoa ukomo kabisa. Maelfu ya watu waliozolewa wakati wa msako wamekaa gerezani bila hukumu, na mama wa mfungwa asiye na hatia hana tena wa kumlilia, maana jaji, mbunge na rais wamekuwa kitu kimoja. Kazi nzuri aliyofanya mtu ni sababu ya kumchagua tena. Haiwezi kuwa sababu ya kutofanya uchaguzi. Gombea, Mwenyekiti. Huenda ukashinda, na mimi huenda nikakupa kura.

Utasema wengi wameridhika, wanaolalamika ni wachache. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi hii 1991 kuuliza kama tuendelee na chama kimoja, takriban wananchi wanane kati ya kumi walisema tuendelee nacho. Tume ikashauri vyama vingi virudi, kwa hoja kwamba wale wawili nao ni watu, na 1992 vikarudi. Waliofanya hivyo walikuwa wenye chama wenyewe, na hakuna aliyewatishia bunduki. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaondoka madarakani 1985 kwa hiari yake, na Mzee Mwinyi akamaliza mihula yake miwili 1995 akaenda zake nyumbani. Mifano ya kuondoka vizuri tunayo ya kwetu.

Utasema tutagombana. Malawi waligombana zaidi yetu. Uchaguzi wao wa Mei 2019 ulikutwa na fomu za matokeo zilizofutwa kwa wino mweupe wa Tipp-Ex na kuandikwa tarakimu nyingine. Watu wakaandamana miezi, na mara nyingi jeshi ndilo lililosimama kati ya waandamanaji na polisi. Februari 3, 2020 majaji watano walifika mahakamani chini ya ulinzi wa wanajeshi, wamevaa fulana za kuzuia risasi, wakaketi wakasoma hukumu mchana kutwa, wakaufuta. Uchaguzi wa marudio Juni mwaka huo Lazarus Chakwera akamshinda Peter Mutharika. Haya, Septemba 2025 wakakutana tena, Mutharika akiwa na miaka 85, na safari hii Chakwera akashindwa. Alikiri kushindwa hata kabla matokeo hayajatangazwa rasmi, akakabidhi. Nchi maskini kuliko yetu, na imewahi kumwondoa huyu kwa kura na kumrudisha yule kwa kura.

Hapa naomba ruhusa nikuache kidogo, Mwenyekiti, nizungumze na katibu wako, mhazini na wajumbe.

Ndugu zangu, nimezifuatilia nchi hizi kwa muda na jambo moja linajirudia. Pale demokrasia ilipookoka, palikuwa na mtu mwenye kiti chake kidogo aliyekataa kufanya alichoambiwa. Wale wa Baraza la Katiba la Senegal. Majaji watano wa Malawi. Majaji wa Mahakama ya Juu ya Kenya waliofuta uchaguzi wa rais Septemba 1, 2017, wakati rais mwenyewe yuko Ikulu. Korea Kusini, usiku wa Desemba 3, 2024, Rais Yoon alitangaza utawala wa kijeshi kwenye televisheni karibu saa nne na nusu usiku. Wabunge wakatoka vitandani, wengine wakapanda ukuta wa bunge kwa kuwa milango ilizibwa, wafanyakazi wa bunge wakarundika viti na meza kuwazuia askari, na kufika saa saba usiku wabunge 190 walikuwa ukumbini wakapiga kura ya kuufuta, wote kwa sauti moja. Kabla ya asubuhi rais akauondoa utawala huo. Aprili 2025 mahakama ikamwondoa kazini.

Na pale ilipozama, wenye viti hivyo walikuwepo vilevile. Walipiga muhuri.

Katibu, muhuri wa BMU unakaa kwenye droo yako. Barua yangu uliigonga wewe. Mwaliko wa mkutano wa saa nne asubuhi uliugonga wewe pia. Hulazimiki kugombana na mwenyekiti wala kumtukana. Inatosha kusema muhuri huu hautumiki kwenye uamuzi wa kamati iliyopitiliza muda wake. Mhazini, katiba inakuruhusu kusoma hesabu mbele ya mkutano mkuu bila kungoja idhini. Isome.

Narudi kwako, Mwenyekiti. Tunachokiomba hakina ukubwa wa kutisha.

Kwanza, itangazwe tarehe ya uchaguzi ndani ya siku thelathini tangu barua hii isomwe, na iwe wakati wa mbalamwezi, boti za dagaa zikiwa zimelala na watu wote wapo nchi kavu. Kanuni ya wenye vyombo peke yao ifutwe, na majina yaliyopigwa wino mwekundu yaandikwe upya kwenye daftari safi litakalobandikwa ukutani, mtu aone jina lake. Kura iwe ya siri. Hili la siri naomba usilipuuze: baharia hawezi kunyoosha mkono kinyume na tajiri wake anayemtazama, kwa kuwa kesho yake hapandi chombo. Sanduku moja na karatasi za daftari la shule zinatosha. Ile hoja ya gharama ife hapo. Afisa uvuvi asimamie akiwa na wazee wawili wasiogombea, na kura zihesabiwe palepale, mbele ya macho yetu. Hesabu zisomwe kabla ya kura, si baada yake. Yule kijana aachwe agombee, na kama nyavu zinakaguliwa basi zikaguliwe za wote siku moja. Kundi la WhatsApp lifunguliwe leo, maana hilo linahitaji kidole tu.

Siku thelathini zikipita bila tarehe, tutatumia kifungu cha katiba yetu kinachoruhusu theluthi moja ya wanachama kuitisha mkutano mkuu kwa sahihi zao. Karatasi ya sahihi imeshaanza kuzunguka, na wasiojua kuandika wanaweka dole gumba. Baadhi ya matajiri nao wametia sahihi, sitakutajia nani.

Jibu lako naomba libandikwe ubaoni, pale penye mizani, wanachama wote walisome. Shemeji yangu ameomba asitumwe tena.

Wako katika kazi,

Mwanachama wa BMU, mchemshaji dagaa,
Tanga.

Nakala:
Afisa Uvuvi
Katibu na Mhazini wa BMU
Wanachama wote, kwa mkono, kwa kuwa kundi limefungwa